Muulize Mzee wa Vifaa: Simu ni ya kampuni, akaunti ni ya nani?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka maofisini. Kwa msomaji mgeni: mimi natunza vifaa vya kampuni ya usambazaji wa bidhaa, ghala letu liko Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ambayo wazee wenzangu bado tunaiita Pugu Road. Simu na vishikwambi vyetu vinalala Kigoma, Tunduma, Sirari na kwingine nisikofika, nami navitunza nikiwa mezani. Siku hizi nimeongezewa miwani ya uhalisia pepe, ile ya VR, inayowafundisha madereva wa foklifti kabla hawajagusa foklifti yenyewe. Wenye maswali ya ndoa, Shangazi yuko ukurasa unaofuata.

Shikamoo Mzee wa Vifaa. Mimi ni msimamizi wa mauzo katika kampuni ya maji ya kunywa. Tuna simu za Android kama tisini kwa mawakala wanaochukua oda madukani. Zilinunuliwa kwa awamu, na kila wakala aliiwasha ya kwake kwa Gmail yake. Mmoja kaacha kazi, karudisha simu ikiwa imefutwa kabisa. Tukiiwasha inadai akaunti iliyokuwemo mwanzo, na yeye hapokei tukimpigia. Tuipeleke kwa fundi? Na hizo nyingine tuzifanyeje? — Mtu wa Mauzo, Mwanza

Marahaba. Simu hiyo haina kosa. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni badala ya kupitia mipangilio yake, ikiwaka tena inadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Wakala wako ndiye aliyeingiza akaunti siku ya kwanza, basi kwa simu mwenye mali ni yeye. Risiti iliyo kwenye faili la mhasibu wako, simu haiijui.

Fundi wa kuflashi mwache. Wapo hodari Mwanza na Kariakoo, sikatai, lakini simu ikishafunguliwa kwa njia za kichochoroni hujui imeachiwa nini ndani, na inaweza kupoteza kibali cha Google ambacho mifumo ya usimamizi inakihitaji. Tuma mtu anayeelewana na huyo wakala, si mwanasheria. Aje ofisini, aingize nenosiri lake, simu ifunguke, halafu aiondoe akaunti yake kwenye mipangilio mbele yenu. Wengi hawakatai, wanaogopa tu kwamba wanaitiwa kesi. Akigoma kabisa, chukua risiti yenye IMEI ya simu hiyo, ile namba yake ya utambulisho, pamoja na barua yenye muhuri wa kampuni, uende kituo cha huduma cha mtengenezaji.

Hizo nyingine themanini na kitu ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa sababu kila moja ni kesi kama hii inayosubiri siku yake.

Kinachotakiwa ni simu kuandikishwa kwenye mfumo wa kusimamia vifaa, huo mnaousikia ukiitwa MDM, kabla haijaingizwa akaunti ya mtu yeyote. Simu iliyokwisha kutumika lazima kwanza irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Kisha, kwenye ile skrini ya kwanza ya kukukaribisha, gusa mara sita mahali pamoja pasipo na kitufe. Kamera inafunguka, ielekeze kwenye msimbo wa QR uliotolewa na mfumo wako. Itaomba Wi-Fi, itashusha programu ya usimamizi, na kuanzia hapo simu ni ya kampuni mpaka ndani. Njia hii inakubali kuanzia Android 7. Mifumo yenyewe ipo ya kulipia kila mwezi, kwa kila mtumiaji au kila kifaa, kama Intune ya Microsoft, na wenye seva yao na kijana anayeijua wanaweza kuanza na Headwind, ambayo ina toleo la bure.

Kwa simu mtakazonunua baadaye kuna njia nzuri zaidi. Google walianzisha mwaka 2017 utaratibu ambao muuzaji aliyeidhinishwa anaingiza IMEI za simu zenu kwenye orodha ya kampuni. Wakala akiwasha tu simu ikapata intaneti, inajiandikisha yenyewe. Akiifuta, ikiwaka inarudi palepale. Samsung wana utaratibu wao unaofanana na huo, chini ya jina la Knox. Shida ni kwamba muuzaji wa mtaani, hata awe na bei ya kukufurahisha vipi, hana mamlaka ya kuingiza hizo IMEI. Ulichookoa kwenye bei utakilipa kwa nauli za kufuata simu wilayani. Na kabla ya kutoa fedha, bonyeza *#06# uone kama IMEI inafanana na iliyoandikwa kwenye boksi. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu bandia Juni 2016, hilo si la hiari.

Msizifute zote siku moja. Anzeni na mawakala watano wa mjini, ambao mkikwama unaweza kuwafikia kwa bajaji. Hakikisheni oda zote zimeshatumwa, maana iliyobaki ndani ya simu itapotea. Wapeni muda waokoe picha zao. Humo mna harusi na watoto, na mtu aliyefutiwa picha ya marehemu mama yake hatawasamehe kwa sababu mna sera. Wakumbukeni makarani wa Sensa ya Agosti 2022: vishikwambi zaidi ya 200,000 viliingia mikononi mwao, na baadaye vikagawiwa walimu. Kifaa kilekile, watumiaji wawili tofauti kabisa. Fikiria ingekuwa vurugu gani kama kila karani angekiwasha kwa Gmail yake.

Halafu waachieni WhatsApp. Mabosi wengi wakiupata mfumo huu mara ya kwanza wanalewa madaraka, wanafunga kila kitu mpaka kamera. Wakala wako anapokea oda za mangi kwa WhatsApp. Ukiifunga atanunua simu ya pili, na oda zitapita huko msikoziona.

Mzee wa Vifaa, hujambo? Nafanya kazi kwa kampuni ya bima. Watu wa IT wanasema kila mtu aweke programu ya kampuni kwa simu yake ya kibinafsi ndio apate barua pepe ya kazi. Wenzangu wanasema wataona WhatsApp zetu, M-Pesa zetu na mahali tunaenda wikendi. Nikatae? — Mwenye Simu Yake, Nairobi

Sijambo, ndugu yangu. Usikatae bado. Waulize kwanza wanaiweka kwa njia gani.

Kwa simu ya mtu binafsi, njia inayofaa kwenye Android ni wasifu wa kazini. Simu inagawanywa pande mbili, na programu za kazi zinabandikwa alama ndogo ya mkoba. Kampuni inatawala upande wa mkoba tu: inaweza kuongeza programu, kukuzuia kunakili maneno ya barua ya kazi na kuyabandika kwenye WhatsApp yako, na siku ukiondoka kuufuta upande huo peke yake. Picha zako, meseji zako, M-Pesa yako, hata orodha ya programu ulizoweka mwenyewe, haivioni. Jioni unaweza kuuzima upande wa kazi kwa kitufe kimoja, nao ukalala hadi asubuhi. iPhone nazo zina uandikishaji wa namna hiyo kwa simu za watu binafsi.

Yapo wanayoweza kukulazimisha: simu iwe na PIN ya maana na mfumo wake usiwe wa kale. Hayo hata mimi nakulazimisha.

Kuhusu wikendi: programu iliyo upande wa kazi ikipewa ruhusa inaweza kujua ulipo. Ingia kwenye mipangilio ya mahali, utakuta swichi ya upande wa kazi peke yake. Izime.

Pa kukataa ni pale wanapotaka simu yako ifutwe yote iandikishwe kama mali ya kampuni, au wanapokupa faili la kupakua nje ya duka la Play linaloomba ruhusa ya ufikivu, ile inayoiwezesha programu kusoma kila kinachopita kwenye skrini yako. Hapo waambie wakununulie simu. Walionunua simu za kulipia kidogo kidogo kila siku wameshaonja hali hiyo: siku ikipita bila malipo, skrini inajifunga. Mfumo unamtambua mkopeshaji kuwa ndiye mwenye simu mpaka deni liishe. Ni teknolojia ya ukoo mmoja na hii ya maofisini, na kwa mkopo ina mantiki yake, maana mlikubaliana. Lakini simu uliyoilipia mwenyewe yote, kwa nini uikabidhi?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa ni taarifa gani zako zinakusanywa na kwa kazi gani. Sisi huku tuna ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Waombe orodha ya wanachokiona, iandikwe kwenye karatasi. IT wanaoijua kazi yao watakuletea siku hiyohiyo.

Assalaam alaykum Mzee. Naratibu mafunzo katika kampuni ya kupakia na kupakua mizigo. Bosi alirudi kutoka Dubai na miwani ishirini za VR, aina ya Quest, ili vijana wafundishwe usalama kazini: kupita karibu na kreni, kupanda makontena, mambo hayo. Kijana wa IT aliziwasha zote kwa akaunti yake. Siku ya mafunzo nusu saa inaishia kwenye masasisho, wengine tunawakuta wameingia kwenye mchezo wa ngumi, na moja imetoka doa katikati ya kioo. Sasa kijana amepata kazi kwengine. Wenzetu mnazisimamia vipi? — Mratibu, Mombasa

Waalaykum salaam. Kijana asiondoke kwanza. Mtafutieni chai na muda, akae nanyi azitoe miwani zote kwenye akaunti yake kupitia programu iliyo kwenye simu yake, moja baada ya moja, mkiandika namba ya kila miwani. Programu za mafunzo alizozinunua kwa akaunti yake zitabaki kwake, hilo mlijue mapema ili mtenge fedha. Jengeni akaunti za kampuni, zenye anwani ya barua pepe ya kampuni. Quest 2 ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa lazima uwe na akaunti ya Facebook ndipo uitumie, jambo lililowaudhi wengi maofisini. Agosti 2022 sharti hilo likaondolewa, zikaja akaunti zinazojitegemea za Meta, kampuni yenye Facebook na miwani hizi. Kwa hiyo leo hamna sababu ya kuihusisha miwani ya kazi na ukurasa wa mtu.

Ndani yake miwani hiyo ni Android, lakini usidanganyike: ile ya kuuzwa dukani kwa watu wa michezo haikubali ule utaratibu wa kugusa mara sita niliomweleza wa Mwanza. Meta walikuwa na huduma ya biashara iliyoitwa Oculus for Business, wakaiacha. Mwaka 2023 wakaja na nyingine ya Quest, baadaye wakaibadilisha jina. Mwanzoni mwa 2026 wametangaza kuacha kuiuza pamoja na matoleo ya kibiashara ya miwani zenyewe. Walmart ya Marekani ilitangaza mwaka 2018 kupeleka miwani 17,000 za Oculus Go, za kampuni hiyohiyo, kwenye maduka yake kwa ajili ya mafunzo. Mwaka 2020 Oculus Go ikaondolewa sokoni. Walmart wana kifua cha kubeba hilo. Kampuni yenu, sina hakika.

Ushauri wangu basi: programu yenu ya mafunzo iwe inaweza kuhamia miwani nyingine, na usimamizi upitie kampuni isiyotengeneza miwani. ManageXR na ArborXR wote wanaziweka miwani za Quest, Pico na Vive kwenye dashibodi moja, yaani ukurasa mmoja wa kuvitazama na kuviamuru vifaa vyote. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji awaonyeshe kwa vitendo, kwenye miwani yenu mojawapo, kwamba ikiwashwa inaingia moja kwa moja kwenye mafunzo bila kumpitisha mwanafunzi dukani; kwamba sasisho linaweza kuzuiwa mpaka mtakapotaka; na kwamba mkufunzi aliyesimama nje anaona anachokiona mwanafunzi. Hilo la mwisho ndilo linalookoa somo. Mtu aliyevaa miwani anakwambia "imeganda", na wewe huna njia ya kujua kama imeganda kweli au ameangalia ukuta. Mkishindwa gharama hiyo na mkaamua kununua upya, tazameni Pico za maofisini au Vive Focus 3 ya HTC, ambayo betri yake inachomolewa ikawekwa nyingine. Quest haizidi sana saa mbili kwa chaji moja, na somo la bandarini ni la kutwa.

Nusu saa ya masasisho dawa yake ni usiku. Programu ya gigabaiti 3 kwa miwani 20 ni gigabaiti 60. Hizo hazipiti kwenye bando la simu asubuhi wanafunzi wakiwa wamekaa. Jioni kabla ya mafunzo ziwekeni zote kwenye chaji, ziwe zimewashwa na zimeshika Wi-Fi, kisha kutoka kwenye dashibodi amuru zishushe. Miwani iliyozimwa haisikii amri yako, hata ungeituma mara kumi. Mkisafiri na mafunzo, bebeni ruta yenu. Wi-Fi ya hoteli inayotaka ujaze namba ya chumba kwenye ukurasa wa kivinjari ni mateso matupu ndani ya miwani. Na programu yenyewe iwe inaendesha somo bila intaneti, matokeo yatumwe baadaye.

Lile doa katikati ya kioo nina hakika karibu yote kwamba ni jua. Lenzi za miwani hizi zikielekea jua zinaukusanya mwanga wake kwenye skrini ya ndani na kuichoma, na haichukui muda. Mtu ameiweka dirishani, au kwenye dashibodi ya gari, lenzi zikitazama juu. Haitengenezeki. Kila miwani iwe na kifuniko au mfuko wake, na aliyeivua airudishe humo kabla hajamaliza kusimulia alichokiona.

Mengine mfumo wa mbali hauyaoni kabisa. Rimoti za Quest 2 na 3 zinatumia betri za AA, na zikiisha katikati ya somo mkufunzi anatumwa dukani. Nunueni za kuchaji. Kila chumba kipya lazima kuchorwe mpaka wa pa kutembea, la sivyo mtu atapiga ngumi ukuta. Anayevaa mara ya kwanza muwekeni kwenye kiti, dakika kumi, kumi na tano, asije akatapika. Na usafi, Mratibu: mnakumbuka macho mekundu yaliyovuma Pwani mwanzoni mwa 2024? Uso mmoja mpaka mwingine, kifaa kilekile, jasho la Mombasa. Wekeni sponji za ngozi ya plastiki zinazofutika, zifutwe baada ya kila mtu, na anayesema jicho linamwasha asiivae. Lenzi zisiguswe kwa spiriti; kitambaa kikavu cha miwani ya kawaida kinatosha.

Ule mchezo wa ngumi ufuteni. Au mwacheni mmoja kwa ajili ya Ijumaa jioni, kwetu tumefanya hivyo na sijaona hasara yake.

Kaka, kijana wetu wa bodaboda anayepeleka vifurushi ameporwa simu ya kampuni Buguruni sasa hivi. Nifute kila kitu? — Nina Haraka, Dar

Barua hii imenifikia kwa simu, nikamjibu palepale. Naiweka hapa kwa faida ya wengine.

Ifunge kwanza. Ukiifuta sasa, unapoteza uwezo wa kuona iko wapi. Ifunge, weka ujumbe kwenye skrini wenye namba ya ofisi, tazama ramani. Usimtume kijana kuifuata, simu inanunulika. Piga huduma kwa wateja wa mtandao laini ifungwe, hasa kama ina pesa za wateja. Nenda polisi na IMEI uchukue RB. Ikifika jioni haijapatikana, tuma amri ya kufuta na uiache huko: ikiwa mwizi ameshatoa laini, amri itasubiri mpaka siku simu itakapogusa intaneti. Kama iliandikishwa kupitia muuzaji aliyeidhinishwa, hata ikifutwa itaamka ikidai kampuni yako, na atakayeinunua atakuwa amenunua kioo.

Mpaka amri ifike, kinacholinda majina na anwani za wateja wako ni PIN tu. Kama simu zenu hazina PIN kwa sababu vijana wanalalamika kwamba inawachelewesha, ilazimishe leo kutoka kwenye dashibodi.

Mheshimiwa Mzee, iPad za wakurugenzi na wakaguzi wetu, kama thelathini, zimeacha kupokea amri zote mara moja. Dashibodi inasema cheti kimekwisha muda. Nimeshaanza kutengeneza kingine. — Ofisa TEHAMA, Dodoma

Acha hapo hapo ulipofika!

Mfumo wowote unaosimamia vifaa vya Apple unaongea navyo kwa cheti ambacho lazima kihuishwe kila mwaka. Kihuishwe, nasema, kwa akaunti ileile ya Apple iliyokitoa mwanzo. Ukitengeneza kipya kwa akaunti nyingine, zile iPad hazitakitambua, na utaanza kuzunguka na wakurugenzi thelathini ukiandikisha moja moja, nao unawajua wanavyosafiri. Tafuta akaunti iliyotumika. Dashibodi nyingi zinaionyesha pembeni ya cheti. Kama ni barua pepe ya mtu aliyestaafu, mwombeni IT waifungue tena hiyo anwani kwenye seva yenu ili mpate msimbo wa kubadilisha nenosiri. Kama ilikuwa barua pepe yake binafsi, basi mpigie, na shikamoo iwe ndefu.

Ukishamaliza, weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya watu wawili, mwezi mmoja kabla.

Habari Mzee mwenzangu. Ninaongoza kampuni ya usafirishaji. Kijana mmoja wa IT ndiye mwenye nenosiri la dashibodi inayosimamia simu zetu zote 300 na kompyuta za magari. Ni mwaminifu sana, nimemlea mwenyewe. Mkaguzi wa nje ameandika kuwa ni hatari. Anakuza mambo? — Mkurugenzi, Arusha

Salama, mwenzangu. Hakuzi. Uaminifu wa kijana haubishaniwi hapa. Kitufe kimoja kwenye dashibodi hiyo kinaweza kufuta simu 300, na kitufe hakijui nani anakibonyeza.

Agosti 4, 2024, mtu aliingia bila ruhusa kwenye mfumo wa Mobile Guardian uliokuwa ukisimamia vifaa vya wanafunzi. Huko Singapore peke yake, wanafunzi wapatao 13,000 wa sekondari 26 waliamka vifaa vyao vimefutwa kwa mbali. Maelezo ya masomo yaliyokuwa humo tu, yakaenda. Serikali ya nchi hiyo ikauondoa mfumo huo kwenye vifaa vyote. Mwaka mmoja kabla yake, Julai 2023, wizara 12 za Norway ziliingiliwa kupitia kasoro ya programu ya Ivanti, ambayo nayo ni ya kusimamia simu za ofisi. Programu iliyowekwa kulinda ndiyo iliyokuwa mlango.

Wala si lazima awe adui. Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, lilizima kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikabaki chini. Aliyelituma alikuwa kazini, anafanya kazi yake.

Mimi ningeanza na akaunti. Dashibodi iwe na wasimamizi wakuu wawili, kila mmoja na akaunti yake yenye anwani ya kampuni, na uthibitisho wa hatua mbili ambao hautegemei laini ya simu ya mtu mmoja. Ya tatu iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, iwekwe kwenye kasha la fedha la mhasibu. Vijana wa kusaidia watumiaji wapewe uwezo wa kufunga simu na kubadilisha PIN, wasipewe wa kufuta. Kufuta zaidi ya kifaa kimoja kuhitaji mtu wa pili akubali, na kama mfumo wenu hauna kipengele hicho, iwe kanuni ya ofisi yenye saini. Seva ikiwa ni yenu wenyewe, viraka vyake, yaani masasisho ya kuziba kasoro, viwekwe wiki vinapotoka, usisubiri robo mwaka iishe. Na sasisho lolote lianze kwa vifaa vichache vya hapo hapo Arusha, likae siku mbili tatu, ndipo liende kwenye magari yaliyo njiani kwenda Rusumo.

Mwambie kijana mwenyewe kwa nini unafanya hivyo. Yeye ndiye atakayefurahi zaidi, kwa sababu siku yakitokea ya kutokea, leo mtuhumiwa ni mmoja tu. Tena atapata likizo. Umewahi kumwuliza mara ya mwisho alienda lini bila kompyuta?

Shikamoo baba. Nina duka la dawa na matawi mawili, Moshi. Simu za biashara ni tano. Kuna mtu anataka kuniuzia mfumo wa kusimamia vifaa kwa malipo ya kila mwezi. Ninauhitaji? — Mama wa Duka

Marahaba mwanangu. Huuhitaji.

Fungua Gmail moja ya duka kwa kila simu, nenosiri ulijue wewe, na namba ya kurejeshea akaunti iwe yako, si ya muuzaji wa tawini. Weka PIN kwenye kila simu. Washa huduma ya Google ya kutafuta kifaa, ambayo ni bure na inakuwezesha kufunga na kufuta kwa mbali ukiwa nyumbani. Chukua daftari uandike IMEI ya kila simu, tarehe uliyoinunua, na jina la aliyekabidhiwa, naye atie saini. Risiti zibane humo humo. Mfanyakazi akiondoka, kaa naye mfute simu pamoja kupitia mipangilio kabla hujamlipa stahiki zake na kumuaga.

Huyo muuzaji mwambie arudi ukifikisha simu ishirini, na aje na bei ya mwaka mzima iliyoandikwa kwa shilingi.